Alitutetea au Alitutumia?

Kuna jina moja la muziki wa Kizungu ambalo Mwislamu yeyote wa Pwani akilisikia hana budi kugeuza shingo. Jina hilo ni Muslimgauze.

Mimi nililisikia kwa mara ya kwanza barazani. Mpwa wangu, aliyekuwa masomoni Uingereza, alikuja likizo, na jioni moja baada ya sala ya Isha akatusikilizisha muziki aliokuja nao. Mara ukaanza mdundo wa dumbaki, tena dumbaki lililopigwa na mkono wa mtu, lakini juu yake pana mvumo wa mitambo kama jenereta la ginari. Kisha sauti ya mwanamume ikasema neno kwa Kiarabu, ikakatwa, ikarudi, ikakatwa tena. Haikuachiwa kumaliza ilichotaka kusema.

Mzee mmoja wa baraza letu, mtu aliyekula chumvi nyingi na asiyekubali jambo kabla ya kuuliza, akamwambia kijana:

"Mwanangu, huyu apigaye ni Mwislamu?"

"La, babu. Si Mwislamu."

"Basi ni Mwarabu?"

"La. Ni Mwingereza wa Manchester."

"Na hizo nchi azipigiazo ngoma, alipata kufika?"

"Hakufika hata moja, babu."

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Sasa huyu atutetea au atutumia?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana hakuwa na jibu, na mimi mjomba wake sikuwa nalo pia. Tangu siku ile nimejibidiisha kuijua kazi ya bwana huyo, tangu alipoanza hadi alipokufa, na leo naweza kusema ninaloliona. Sitaingia katika hoja ya masheikh kuhusu uhalali wa muziki, kwani hiyo ina wenyewe. Nitasema juu ya haki ya mtu kutumia jina la mwenzake na kilio cha mwenzake.

MTU MMOJA, JINA LA KIKUNDI

Muslimgauze lavuma kama jina la kikundi, lakini halikuwa kundi la watu. Lilikuwa jina la mtu mmoja, Bryn Jones, aliyezaliwa Juni 17, 1961, akaishi na kufanya kazi yake Manchester.

Kumwelewa ni lazima kwanza tuuelewe muziki aliotoka. Katika miaka ya 1970 vijana kadhaa wa Uingereza walichoshwa na nyimbo za mapenzi na magitaa. Kule Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, kikundi cha Cabaret Voltaire kilianza mwaka 1973 kwa kukata na kuunga kanda za sauti. Mwaka 1976 kikundi cha Throbbing Gristle kilianzisha kampuni yake ya santuri na kuiita Industrial Records, na humo ndimo jina la muziki huu lilimotoka: muziki wa viwandani. Ala zao zilikuwa mashine za umeme, kelele za vyuma, na sauti za watu zilizonyakuliwa redioni na katika televisheni. Walikuwa wakisema, kwa namna yao, kwamba dunia waliyozaliwa ndani yake ni dunia ya mitambo na propaganda, na kwamba nyimbo tamu zaificha kweli hiyo.

Bwana Jones aliingia katika mkondo huo mwaka 1982, akitoa kazi kwa jina la E.g Oblique Graph. Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, majeshi ya Israeli yaliingia Lebanon. Mwezi wa Septemba wakimbizi wa Kipalestina katika kambi ya Shatila na mtaa wa Sabra, Beirut, wakauawa na wanamgambo wa Kilebanon huku askari wa Israeli wakiwa wamelizingira eneo hilo. Vita vile vilimgeuza kijana huyu. Alibadilisha jina, na toka 1983 hadi kufa kwake, takriban kila alichokitoa kilihusu nchi za Waislamu, na hasa Palestina.

Jina alilochagua ni mchezo wa maneno. Kwa Kiingereza "muslin" ni kitambaa chepesi cha pamba, kile ambacho mama zetu wakikiita melimeli, na jina lake hilo latokana na mji wa Mosul, Iraki. "Gauze" ni shashi, ile ya kufungia vidonda. Yeye akaondoa herufi moja akatia nyingine, na melimeli ikawa Mwislamu. Nami niliposikia tafsiri hiyo nilijiuliza: shashi hii imewekwa juu ya kidonda ili kukiponya, au ili kukifanya kipendeze machoni mwa mpita njia?

KAZI YA MIAKA KUMI NA SITA

Si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsifu kwa alichostahili sifa. Bwana huyu alikuwa na bidii isiyo na mfano. Hakuipenda kompyuta. Alipiga ngoma kwa mikono yake, akatumia mashine za zamani, na akaunga vipande vya utepe wa kanda ncha kwa ncha ili vizunguke na kurudia sauti ile ile. Kuna miaka aliyotoa zaidi ya albamu kumi. Alipokufa zilikuwa zimeshapita 90, na ukijumlisha zilizotoka baada yake zinakaribia 200.

Tena kazi hizo hazikumtajirisha. Santuri zake nyingi zilitolewa kwa nakala mia chache, au elfu moja hivi, na kampuni ndogo ndogo: Staalplaat ya Amsterdam, Soleilmoon ya Marekani, Extreme ya Australia, na hapo kwanza kampuni yake mwenyewe aliyoiita Limited Editions. Aliyetaka fedha katika miaka ile angelipiga muziki wa disko. Asingelijitia katika habari za Palestina, jambo ambalo halikuwa na soko Ulaya.

Na majina ya albamu zake yafuate, uone jinsi alivyokuwa akifuatana na habari. Mwaka 1983 alitoa Hammer & Sickle, na Warusi walikuwa bado wamo Afghanistan. Desemba 1987 Wapalestina wa Gaza na Ukingo wa Magharibi walisimama na mawe yao, na mwaka 1990 akatoa Intifaxa. Mwaka 1992 akatoa Zul'm, na msomaji ataona kuwa neno hilo na neno letu la dhuluma ni mtu na nduguye.

Mwaka 1994 akatoa Hebron Massacre. Hii nataka niisimamie kidogo, maana wengi wetu tunakumbuka habari zake. Ilikuwa Ijumaa, Februari 25, 1994, katikati ya Ramadhani. Waumini walikuwa katika sala ya alfajiri ndani ya Msikiti wa Ibrahimu mjini Al-Khalil, ambao Wazungu wauita Hebron. Mlowezi wa Kiyahudi, Baruch Goldstein, akaingia na bunduki akawapiga risasi migongoni, akaua watu 29. Huku kwetu tulisoma dua misikitini. Ulimwengu wa muziki wa Ulaya haukusema mengi. Lakini katika mji wa Manchester palikuwa na Mwingereza mmoja, si Mwislamu, aliyeona kwamba mwaka huo haukuweza kupita bila ya mauaji hayo kuandikwa juu ya jalada.

Kwa hilo mimi namvulia kofia. Chuoni tulifundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na sioni sababu ya kuishuku nia ya mtu aliyeshikilia jambo moja miaka kumi na sita bila faida. Alieleza pia kwamba muziki wake waweza kusikizwa na mtu asiyejali siasa, ila alitumaini kuwa msikilizaji huyo atauliza kwa nini umeitwa hivyo, na akiuliza atajua. Yaelekea wapo waliouliza. Kijana wa Kijapani au wa Kijerumani aliyenunua Zul'm kwa ajili ya mdundo, akaenda kutafuta maana ya neno hilo, amejifunza kitu ambacho gazeti la kwao halikumfunza.

Lau ningelikomea hapa, jibu la mzee wetu lingelikuwa: alitutetea. Lakini sikomei hapa.

SAUTI ZISIZO NA WENYEWE

Kosa lake la kwanza, kwa maoni yangu, ni kutokwenda. Aliulizwa juu ya hili, na jibu lake lilikuwa kwamba hawezi kuzuru nchi iliyokaliwa kwa mabavu. Jibu hili laonekana la heshima, na mtu aweza kulikubali kwa Ukingo wa Magharibi. Lakini Wapalestina hawakuwa huko peke yao. Walikuwapo Amman, walikuwapo Beirut, walikuwapo London, safari ya saa chache tu kwa garimoshi kutoka kwake. Kukataa kupita katika kizuizi cha askari ni jambo moja, na kukaa miaka kumi na sita ukisema juu ya watu bila kukaa nao ni jambo jingine.

Kutokwenda huko kumeacha alama katika muziki wenyewe. Santuri zake zimejaa sauti za watu wakisema au wakiimba, kwa Kiarabu, kwa Kifarsi, kwa Kiurdu. Ukichukua jalada aghalabu husomi jina la mwenye sauti, wala neno moja la kukueleza alikuwa akisema nini. Mtu amekatwa nusu ya sentensi, akatiwa katika duara la utepe, akafanywa arudie herufi mbili kama cherehani. Huenda alikuwa akiomba maji. Huenda alikuwa akiuza nyanya sokoni. Sisi hatujui, na msikilizaji wa Amsterdam hajui, na kwa kuwa hajui, sauti ile kwake imekuwa harufu ya udi tu, ya kumwambia kwamba hapa pana Mashariki.

Nataka tulipime jambo hili kwa mizani yetu. Katika taarabu ya Mombasa, wimbo una mwenyewe. Tangu enzi za Sauti ya Mvita na santuri zilizouzwa na duka la Assanand, anayeimba anajulikana, na mara nyingi aliyetunga anajulikana pia. Marehemu Juma Bhalo alipoimba tungo za Ahmad Nassir, watu walijua maneno haya ni ya Ahmad na sauti hii ni ya Bhalo, na kila mmoja alipewa haki yake. Mtu akichukua beti za mwenzake akaziimba kama zake, watu wa mji humwambia peupe kwamba ameiba. Sasa je, itakuwaje sauti ya Mpalestina ichukuliwe, ikatwe, iuzwe, wala asitajwe, halafu tuambiwe kwamba hivyo ndivyo alivyotetewa?

Kilio cha mtu ni amana. Ukikichukua umfikishie mwingine, ni sharti ukifikishe na jina la aliyelia.

BUNDUKI JUU YA JALADA

Kosa la pili ni zito zaidi, na hapa nawaomba wasomaji wanaompenda bwana huyu waniwie radhi.

Mwaka 1986 aliiita albamu yake moja Hajj. Nguzo ya tano ya dini, safari ambayo bibi zetu waliiwekea akiba senti kwa senti, ikawa jina la santuri ya mdundo. Mwaka uliofuata, 1987, akaiita nyingine Abu Nidal. Ameziweka mfululizo kana kwamba ni bidhaa za duka moja: Hija hapa, Abu Nidal pale.

Tujikumbushe Abu Nidal ni nani. Kundi lake ndilo lililoshambulia viwanja vya ndege vya Roma na Vienna Desemba 27, 1985, likaua wasafiri waliokuwa wakingojea ndege. Ndilo lililoua waumini 22 ndani ya sinagogi la Istanbul Septemba 1986. Tena mkono wake haukuwaacha Wapalestina wenyewe. Issam Sartawi, aliyekuwa mshauri wa Arafat na mtu wa kutafuta suluhu, aliuawa na watu wake kule Ureno Aprili 1983. Chama cha Ukombozi wa Palestina kilikuwa kimeshamhukumu Abu Nidal kifo tangu 1974. Basi Mwingereza aliyeketi Manchester akachukua jina la mtu ambaye Wapalestina wenyewe walikuwa wamemkana, akalifanya bendera ya Palestina.

Baadaye zikafuata Vote Hezbollah na Hamas Arc, zote za 1993. Na mwaka huo huo, baada ya Arafat na Rabin kupeana mikono Washington Septemba 13, akatoa albamu yenye picha ya mkono ule na kuiita Betrayal, yaani Usaliti. Yawezekana alikuwa na hoja. Wapo Wapalestina wengi waliolia siku ile, na wapo waliocheka kwa furaha. Lakini hilo lilikuwa shauri la ndani ya nyumba yao. Mgeni ambaye hajavuka kizingiti hana haki ya kumwita mwenye nyumba msaliti.

Mtu ataniuliza: majina ya santuri yana uzito gani, na wewe uko Mombasa? Yana uzito, ndugu yangu, na sisi wa Pwani tumeubeba uzito huo mabegani mwetu. Agosti 7, 1998, bomu liliripuka katika ubalozi wa Marekani Nairobi likaua watu zaidi ya 200. Novemba 28, 2002, likaripuka jingine katika hoteli ya Kikambala, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wacheza ngoma wa kienyeji waliokuwa wakiwalaki wageni. Wacheza ngoma, ndugu msomaji! Watu ambao kosa lao lilikuwa kupiga ngoma na kukaribisha. Na baada ya mabomu hayo, vijana wengi wa Kiislamu walikamatwa na kuhojiwa, kanzu na kofia zikawa ushahidi, na jina la Mwislamu likawa laenda sambamba na bunduki katika fikira za watu wasiotujua.

Sisemi kwamba Bwana Jones ndiye aliyeleta hayo, hasha. Alikufa kabla ya Kikambala, na santuri zake zilisikizwa na watu wachache. Nasema kwamba alikuwa akichora picha ile ile waliyokuwa wakiichora maadui zetu: Mwislamu na bunduki, Mwislamu na kitambaa usoni, Mwislamu asiye na mke wala mtoto wala kazi ya kwenda asubuhi. Yeye aliichora kwa mapenzi, na wao waliichora kwa chuki, lakini ukiziweka picha mbili ukutani huzitofautishi. Anayekupenda bila kukujua aweza kukudhuru sawa na asiyekupenda.

WENYEWE WALIKUWAPO

Huenda mtu akasema: afadhali yeye aliyesema, kuliko kimya. Hoja hii ingelikuwa na nguvu kama Wapalestina wenyewe wangelikuwa kimya. Hawakuwa.

Mwaka 1980, miaka miwili kabla ya Bwana Jones kuanza, kijana mmoja aitwaye Said Murad alianzisha kikundi mjini Jerusalem na kukiita Sabreen, yaani wanaosubiri. Mwaka 1982, mwaka ule ule wa vita vya Lebanon, akaingia mwimbaji wao Kamilya Jubran, ambaye alidumu nao miaka 20. Walikuwa na ud na kanuni, wakachanganya na ala za kigeni, wakaimba mashairi ya washairi wao. Santuri yao ya Dukhan al-Barakin, yaani Moshi wa Volkano, ilitoka mwaka 1984. Waliifanya kazi hiyo chini ya utawala wa kijeshi, mahali ambapo maneno ya wimbo yaweza kumtia mtu taabuni.

Basi hao hapo. Wana majina, wana nyuso, wana maneno kamili yenye mwanzo na mwisho. Katika nyimbo zao Mpalestina si bunduki tu. Ni mtu anayependa, anayekumbuka, anayengoja, na anayekasirika pia.

Wala nisifahamike vibaya nikadhaniwa kwamba nachukia mitambo. Wapo wazee wetu waliosema kwamba kinanda cha umeme kimeua taarabu, na wakasema hivyo hivyo dada zetu walipoanza kucheza rusha roho katika miaka ya 1990. Mimi simo katika kundi hilo. Kamilya Jubran mwenyewe alipotoka Sabreen mwaka 2002 alikwenda Uswisi, akashirikiana na Mswisi Werner Hasler, mpiga tarumbeta na fundi wa sauti za mitambo, na mwaka 2005 wakatoa albamu ya Wameedd. Humo mna mivumo na mikwaruzo ya umeme kama ile ya Manchester. Tofauti ni kwamba ndani ya mvumo huo yumo mwanamke wa Kipalestina, na ud wake, akiimba shairi mpaka mwisho, na jina lake limeandikwa juu ya jalada sambamba na la Mzungu. Mitambo ni ile ile. Kilichobadilika ni adabu.

MWISHO WAKE

Bwana Jones hakuuona wakati huo. Mwishoni mwa Desemba 1998 alipelekwa hospitali akiwa na maradhi ya nadra ya ukungu yaliyoingia katika damu. Alikufa Januari 14, 1999, akiwa na umri wa miaka 37 tu. Alikuwa akipeleka kanda kwa wachapishaji wake kwa kasi kuliko walivyoweza kuzitoa, na hivyo akaacha rundo kubwa la kazi ambazo hazijatoka. Tangu hapo zimekuwa zikitolewa mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe yumo kaburini, hana tena uwezo wa kusema hii itoke na hii isitoke, au hapa mmekata vibaya.

Hili lilinifikirisha sana. Mtu aliyekusanya sauti za watu wasioweza kujitetea, naye sasa ni sauti isiyoweza kujitetea, wengine wakiamua lini itasikika na kwa umbo gani. Simwombei mabaya, wala sifurahii. Naona tu kwamba kila mwenye sauti anastahili kuwa na neno la mwisho juu ya sauti yake, yeye kama wale aliowatumia.

JIBU LA MZEE

Narudi barazani. Juzi nilimpelekea mzee jibu langu. Nilimwambia: "Mzee wangu, kwa nia alitutetea. Kwa kitendo alitutumia. Yote mawili ni kweli, na la kwanza halilifuti la pili."

Mzee akacheka kidogo, akasema: "Vyema. Na sisi je? Hawa wetu walioimba hapa, ni nani aliyewaandika?"

Hapo, ndugu msomaji, nilikosa la kusema, maana alinipiga mahali penye kidonda. Ni rahisi kumlaumu Mwingereza kwa kutoandika jina la aliyelia. Lakini majumbani mwetu, Mombasa, Lamu na Malindi, kuna makabati yenye kanda za maulidi, za taarabu za harusi, za mashairi yaliyosomwa na watu ambao wamekwisha kufa. Nyingi hazina jina juu yake. Utepe wake waliwa na unyevu wa bahari. Tusipoandika leo juu ya kila kanda aliyeimba ni nani, aliyetunga ni nani, na mwaka gani, atakuja mtu kutoka mbali, mwenye nia njema na mitambo mizuri, atakata sentensi moja ya bibi yako katikati, ataizungusha na kuiuza kwa jina atakalolipenda. Nasi tutalalamika kwamba tumetumiwa, ilhali sisi ndio tuliomwachia mlango wazi.

Nimemwambia mpwa wangu kabla hajarudi masomoni akae na bibi yake jioni tatu, na daftari na kalamu, wazipitie kanda zote za kabatini moja moja. Jana walikuwa wamefika ya kumi na nne. Sauti ya kwanza waliyoitambua ilikuwa ya shangazi yake bibi, akisoma maulidi. Bibi alilia, kisha akamtajia kijana jina lake kamili, na la babake, na mtaa aliozaliwa, na kijana akaliandika.